Pengo Refu, Pengo Fupi

Ijumaa, Kitengela. Baridi ya Julai, ile isiyo na mvua wala jua. Mawingu yameshuka mpaka karibu yaguse matangi ya maji kwenye mapaa, na upepo unapiga bati la jirani tangu alfajiri. Naandika nikiwa nimesimama, simu nimeiegemeza kwenye friji. Nikikaa nitainuka tena, kwa hivyo sijisumbui kukaa.

Wiki nzima niko hivi. Naweka chai, nasahau chai. Nafungua mlango, nasimama hapo, sijui nilitaka kuona nini. Wazazi wangu waliniita Naserian, jina la mtu mwenye amani, na mpaka leo najiuliza waliona nini kwa kile kitoto ndio wakafikiria amani.

Sababu naijua. Kesho ndugu yangu Lemayian anakuja kutoka Kimana na pikapu ya vitunguu. Atashusha vitunguu sokoni, atapitia hapa kwangu anywe chai, halafu atageuza gari aondoke na mama yetu.

Yeyo anaenda.

Yeyo ndiyo mama kwa Kimaa, na sijawahi kumwita kitu kingine. Alisema Jumapili, tukitoka kanisani, akikwepa dimbwi la maji machafu nje ya geti letu. Hakuna ugomvi uliotangulia. Hakuinua hata sauti. "Lemayian akija, nitaenda naye. Hapa mimi ni mgeni." Kisha akapanda ngazi mbele yangu, pole pole, akishika ukuta.

Mgeni! Kwangu! Nilipika mchana huo mpaka nikaunguza sufuria.

Nimemuuliza wiki nzima. Ni chakula? Hapana. Ni hizi ngazi? Hapana. Ni majirani na redio zao? Hapana, nakerai, mwanangu, majirani ni wazuri. Ni mimi? Anatazama mikono yake, anaigeuza, anatazama upande wa pili. Na mimi nikikosa jibu huwa situlii, najitengenezea majibu mwenyewe, kila moja baya kuliko lililotangulia.

Hebu nieleze vizuri, labda nikieleza nitapumua. Yeyo alikuja kwangu baada ya ukame. Boma letu liko upande wa Kajiado, na ule ukame uliondoka na mbuzi wetu karibu wote. Waliobaki, wale wachache wenye kichwa ngumu, Lemayian aliwapeleka Kimana kwenye maji. Yeyo akaja huku mjini kwa ajili ya macho. Yameingia ukungu, na tunaenda kliniki, tunangoja zamu ya kupasuliwa. Maisha yake yote ametengeneza shanga. Kuna wanawake huko nyumbani walioolewa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Sasa haoni tundu la shanga. Sinia yake ya shanga ilikaa chini ya kitanda, imefunikwa na leso, bila kuguswa.

Macho yake yananitia huruma, lakini mikono ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na vidole vinatembea vyenyewe juu ya paja, vinaokota kitu ambacho hakipo.

Na mimi, kwenye sebule hiyo hiyo, nafuma.

Mnaosoma hapa mara kwa mara mnajua habari ya chama chetu cha wafumaji. Kwa wageni: tuko nyuma ya duka la mbao, barabara ya kwenda Namanga, chumba kirefu chenye baridi mwaka mzima na harufu ya sufu iliyooshwa. Tunafuma mazulia na mablanketi kwa mkono, na tunafundisha. Warsha zetu zinaleta kila aina ya mtu: wanafunzi wa shule, akina mama kutoka Isinya, vijana ambao wametumwa na shangazi zao ili wasikae bure nyumbani. Kiongozi wetu ni Mwalimu Wanjiru, mama wa Nyeri aliyehamia Kitengela zamani, wakati bado swara walikuwa wanapita nyuma ya nyumba yake. Kuwa mwalimu wa warsha kwake si mchezo. Lazima ufundishe somo moja yeye akiwa amekaa nyuma, na lazima umletee zulia ulilofuma peke yako, mwanzo mpaka mwisho. Halipimi kwa macho. Anafumba macho na kupitisha kidole ukingoni, upande mmoja, halafu upande wa pili. Kidole kikikwama, anakurudishia zulia lako na kukutakia jioni njema.

Mimi nataka kuwa mwalimu. Nataka kwa njia ya aibu, ile ya kujipanga mbele ya kioo na kusema "habari zenu, karibuni" wakati hakuna mtu. Niliacha kazi ya ofisi kwa sababu ya hii kitu, na kuna watu wa ukoo wangu ambao bado wanangoja kuniona nikianguka.

Na shida yangu ni ukingo. Kila mtu chamani anajua. Kwenye fremu ya kufumia kuna nyuzi za kusimama, na ule uzi wa rangi unaupitisha kati yao, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka unafika uzi wa mwisho kabisa. Huo wa mwisho lazima uuzunguke ndio urudi. Ukiuruka, ukingo unabaki na pengo, utadhani panya ameng'ata. Mimi nikiwa na mawazo nauruka. Mwalimu Wanjiru husema anaweza kujua wiki yangu ilikuwaje kwa kunishikia zulia pembeni.

Fremu yangu iko sebuleni, mahali palipokuwa na televisheni. Yeyo alipofika aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Aliposikia chamani tunaiita kitanda cha kufumia alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kitanda gani hiki hakuna mtu analala?" Tangu siku hiyo, akinisikia nagonga kile kichana cha mbao cha kushindilia uzi, husema, "Leo kitanda chako kimekataa usingizi."

Lakini alikuwa anaangalia. Kwa hayo macho yenye ukungu alikuwa anaangalia kila kitu. Aliniuliza kwa nini wakati mwingine nikiinuka naacha uzi ukining'inia katikati ya safu. Nikamweleza desturi yetu ya chamani: ukitoka kidogo, uache uzi katikati, mwenzako akiona hatakaa hapo, anajua unarudi. Ukimaliza kazi yako unaufikisha ukingoni na kuufunga. Alipenda hiyo. Nikiwa nimekwenda dukani na kuchelewa, ananipigia simu: "Uzi wako unakuita." Ati uzi. Kumbe yeye ndiye ametamani chai.

Sasa nifike kwenye yale mapengo.

Siku moja mwezi uliopita nilirudi kutoka chamani, nikakaa kwenye fremu, nikaona ukingo wa kushoto umeharibika. Pengo refu chini. Kasafu kadogo kazima. Halafu pengo fupi juu yake. Nilijitukana hadi nikaishiwa. Nilikuwa na haraka asubuhi ile, nilijua nilifuma nikiwaza mambo mengine, kwa hivyo sikushangaa hata kidogo. Nilipiga picha, kwa sababu somo langu la majaribio lilikuwa ni hilo hilo, makosa ya ukingo, na nilitaka wanafunzi waone kwamba hata ticha hukosea. Halafu nikafumua safu zote mpaka chini ya pengo, nikafuma upya, nikanyoosha.

Baada ya muda likatokea tena. Ukingo ule ule wa kushoto. Nilikuwa nimetoka kununua unga na kurudi. Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita, na nilikasirika kweli, kwa sababu zulia lilikuwa limebaki kidogo liishe na Mwalimu Wanjiru analitaka Jumatatu inayokuja. Nikapiga picha ya pili. Nikaanza kuvuta uzi kwa nguvu, kwa hasira, vumbi la sufu likiruka.

Yeyo alikuwa kwenye kiti chake. Aliniuliza, "Unatoa?"

Nikasema, "Natoa. Ni uchafu tu."

Nimeyaandika hayo maneno. Nimesimama hapa nikiyaangalia kwenye skrini.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya somo langu. Nimekwenda nikiwa sijalala vizuri, nimevaa sweta ndani nje, na hakuna aliyeniambia mpaka saa ya chai. Zile picha mbili nilizichapisha kubwa kwenye saiba, nikazibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamejifunga shali, na Mwalimu Wanjiru nyuma kabisa, ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yamefunguka.

Nilianza vizuri, jamani. Niliongea. Nilichekesha. Nikawaonyesha uzi wa mwisho, nikawaambia huo ndio mlinzi wa geti, ukimpita bila kumsalimia atakuaibisha. Nikageuka kwenye picha. Nikasema, "Haya ni makosa yangu mwenyewe. Hili la mwezi jana, na hili la wiki iliyopita."

Kuna msichana anaitwa Purity, anatoka Laiser Hill, ni mmoja wa wale waliotumwa na shangazi. Huwa anakuja na uso wa mtu aliyefungwa. Akainua mkono bila kuinua kichwa.

"Ticha, si hiyo ni picha moja umeprinti mara mbili?"

"Hapana, ni siku tofauti. Angalia, rangi ya juu si sawa."

"Aki basi hayo si makosa. Mimi nikikosea nakosea tofauti tofauti. Huwezi kosea mahali pamoja, ukubwa mmoja, mara mbili."

Darasa likacheka. Mwalimu Wanjiru pia akacheka, nikaona mabega yake. Mimi nikacheka nao, na nikageuka nimwonyeshe Purity kwamba hakuangalia vizuri.

Na ile picha ya pili, gundi ilikuwa imeachia upande mmoja kwa sababu ya baridi. Karatasi ikazunguka, ikabaki inaning'inia kwa kona moja, ukingo wa zulia umelala juu. Pengo refu. Pengo fupi.

Sikio.

Nikaikunja karatasi kwa kidole gumba.

Nilikuwa mtoto mdogo nilipojua hiyo alama. Kila familia kwetu ina mikato yake kwenye sikio la mbuzi, na yetu ni hiyo: mkato mrefu karibu na kichwa, mfupi karibu na ncha. Baba alipokufa watu walidhani Yeyo ataita shemeji zake waje kukata. Hakuita mtu. Alichukua kisu mwenyewe, mimi na Lemayian tukashika watoto wa mbuzi, na watu wakasema sana, na yeye akawaacha waseme. Mbuzi wakipotea, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwatafuta kwenye mifugo ya watu. Sikuangalia rangi. Nilikuwa nakunja sikio kwa kidole gumba na kupapasa. Refu, fupi. Huyu ni wetu, twende.

Nilipapasa masikio hayo utoto wangu wote. Halafu nikawekewa sikio lile lile ndani ya sebule yangu, mara mbili, na nikaona kosa la kufuma.

Mikono ile ya dirishani. Vidole vile vilivyokuwa vinaokota hewa. Alikuwa anangoja nitoke, anasogea kwenye fremu, anatafuta nyuzi za mwisho kwa kupapasa, kwa sababu sufu ni nene, haihitaji macho kama shanga. Amefuma safu zake sawasawa hata sikutofautisha mkono wake na wangu. Ameliacha pengo refu, ameliacha pengo fupi. Amerudi kitini kungoja nione. Na mimi nikaona, nikapiga picha, nikafumua. Akarudia. Akanionyesha tena, akisema moyoni pengine hakuona vizuri huyu mtoto, akili yake iko mbali. Na mimi nikavuta uzi mbele ya uso wake na kumwambia ni uchafu.

Kesho yake akasema yeye hapa ni mgeni.

Nakumbuka Purity akisema, "Ticha, pole, nilikuwa najoki." Nikamwambia hapana, uko sawa kabisa. Nikamwendea Mwalimu Wanjiru, nikainama, nikamwambia naomba niende nyumbani.

"Somo halijaisha, Naserian."

"Najua, Mwalimu."

"Ukitoka sasa sitaweza kusema umefundisha."

"Najua."

Alinitazama. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda mbele mwenyewe, na nikamsikia nyuma yangu akisema haya, tuendelee, nani ananiambia mlinzi wa geti ni uzi upi?

Sikungoja bodaboda. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Upepo ulinijaza vumbi mdomoni. Nilikuwa naongea peke yangu njiani, na mama wa kuuza sukuma pale kona akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia bado.

Yeyo hakuwa nyumbani. Ijumaa huwa wanaombea wagonjwa pale kanisani, huwa anaenda na jirani wa chini. Begi lake lilikuwa tayari kando ya mlango, lile la rangi ya maziwa alilokuja nalo, na juu yake blanketi lake jekundu limekunjwa. Sinia ya shanga imefungwa kwa leso juu ya blanketi.

Nilikaa kwenye fremu nikiwa bado na viatu. Ukingo wa kushoto ulikuwa mzuri, umenyooka, ningeweza kumpa Mwalimu hata leo akapitisha kidole kama anateleza kwenye sabuni. Niliufumua. Safu kwa safu, mpaka pale nilipokumbuka palikuwa pake. Sikuvuta kwa hasira safari hii. Kisha nikaanza kufuma, nikiruka nyuzi za mwisho kwa kusudi, na nawaambia, ni ngumu kukosea kwa kusudi. Mkono uliofundishwa kunyooka unataka kunyooka. Machozi pia hayasaidii.

Nilikuwa nashindilia safu ya mwisho niliposikia ufunguo mlangoni.

Yeyo aliingia, akavua viatu, akanitazama. Hakuzoea kunikuta nyumbani saa hizo. Alikuja pole pole. Alinyoosha mkono, akapata ukingo, na kile kidole gumba chake kikashuka nacho mpaka kwenye mapengo. Kikasimama. Kikapapasa chini, kikapapasa juu, kikarudi chini.

Akasema, "Hii si yetu."

Nikasema, "Yeyo?"

"Umeanza na fupi. Hii ni ya kina Parsanka."

Kina Parsanka walikuwa majirani zetu ng'ambo ya mto mkavu, ambao utoto wangu wote tulibishana nao juu ya mbuzi. Nilikuwa nimechukua zulia langu, kwa mikono yangu na machozi yangu, nikawapa kina Parsanka. Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani, nikawa nalia kwa sauti kama siku tuliyomzika Baba.

Nilimwambia, "Sikujua. Nilidhani ni makosa yangu. Mimi huruka huo uzi, kila mtu anajua, muulize Mwalimu. Yeyo, sikujua ni wewe."

Hakunishika. Yeye si mtu wa kukumbatia. Alisimama hapo mkono wake ukiwa bado ukingoni, na alipoongea aliongea na zulia, hakuongea na mimi.

"Mara ya kwanza nilisema, hakuona. Mara ya pili nikasikia umesema uchafu." Kidole gumba kikarudi kwenye pengo. "Nilifikiri labda mtu wa mjini hataki kitu chake kijulikane kimetoka kwa nani."

Hakuna kitu kimewahi kuniuma namna hiyo. Hata ukame haukuniuma hivyo.

Nikamwambia nataka. Nikarudia, nataka, Yeyo, nataka, mpaka ikawa haina maana tena, ni sauti tu. Nikamwambia pia kwamba Jumatatu Mwalimu atapitisha kidole hapo na kitakwama, na atanirudishia zulia, na si neno.

"Atarudisha kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo."

"Basi huyo mwalimu hajui kusoma sikio," akasema. "Sogea."

Nikasogea. Yeyo akakaa kwenye benchi langu, mara ya kwanza mimi nikiwepo, na akaanza kufumua alama ya kina Parsanka kwa haraka ya mtu anayemtoa mbuzi wa jirani kwenye zizi lake. Macho yake yalikuwa yanatazama ukutani. Vidole ndivyo vilikuwa vinaona. Nilitaka kubaki hapo nitazame mpaka mwisho lakini akaniambia chai haitajipika, na nimwache, namkalia shingoni.

Nilisimama jikoni nikisikia kichana. Anagonga pole kuliko mimi, na kila pigo ni sawa na lililotangulia. Nikasahau maziwa yakafurika, nikapangusa, nikaweka mengine. Kichana kiliendelea. Kikanyamaza. Kikaendelea tena kidogo. Halafu nikasikia mlango wa roshani, na sauti yake huko nje kwenye upepo, yuko kwenye simu na Lemayian.

Sisikii anachosema. Kimaa chake kinavunjwa na lile bati la jirani. Nimesikia jina la ndugu yangu, nimesikia "vitunguu", nimesikia akicheka mara moja. Anaweza kuwa anamwambia aje mapema kabla ya jua. Anaweza kuwa anamwambia kitu kingine. Begi bado liko kando ya mlango na blanketi jekundu liko juu yake, na chai imeshaanza kupoa kwenye vikombe viwili.

Nimebeba simu nikaenda nayo mpaka kwenye fremu. Ukingo wa kushoto uko sawa. Refu chini, fupi juu. Nimepapasa kwa kidole gumba nikiwa nimefumba macho, na nimejiona niko na miaka yangu ya utotoni katikati ya mbuzi wa watu, nimepata wetu.

Jumatatu nitampelekea Mwalimu Wanjiru hivi hivi. Kidole chake kikikwama nitamwambia asiondoe, apapase tena. Akikataa, nitaanza zulia lingine, na hilo pia litakuwa na sikio.

Lakini si hilo lililonifanya niache kuzunguka hii nyumba.

Juu ya alama Yeyo ameongeza safu moja mpya. Haikufika mwisho. Hakuufikisha uzi ukingoni, hakuufunga.

Ameuacha katikati, unaning'inia.

Nimekaa.